Kwa nini bado nanunua chakula katika soko la Tengeru

Mkazi wa Arusha mjini hana shida ya mahali pa kununua chakula. Lipo Soko Kuu, lipo soko la Kilombero, yapo maduka makubwa yenye majokofu, na karibu kila mtaa una genge linalouza nyanya, vitunguu na mchicha mpaka usiku. Pamoja na hayo yote, sehemu kubwa ya chakula cha nyumbani kwangu naifuata Tengeru, kama kilometa 13 mashariki mwa mji katika barabara ya kwenda Moshi, siku za gulio, ambazo ni Jumatano na Jumamosi. Ndugu na majirani huniuliza kama unafuu wa bei unalingana na nauli na muda ninaoutumia. Unafuu upo kwa baadhi ya vitu, na kwa vingine haupo, lakini si bei inayonipeleka. Ninakwenda kwa sababu katika soko lile bado wapo watu wengi wanaouza walichokilima wenyewe, na mtu aliyelima huweza kujibu maswali ambayo mtu aliyenunua ili auze hawezi kuyajibu, hata awe mwaminifu namna gani.

Tengeru imebahatika kwa mahali ilipo. Iko chini ya Mlima Meru, ambao kilele chake kimepita mita 4,500, na udongo wake umetokana na majivu ya volkano. Upande wa kusini wa mlima, ambako mvua hunyesha vizuri na vijito hushuka mwaka mzima, watu wa Akheri, Nkoaranga na Poli hulima migomba na kahawa katika shamba moja, na chini ya migomba hiyo hupanda magimbi, mboga na majani ya ng'ombe. Ukishuka chini ya barabara kuu joto linaongezeka, migomba inapungua, na mashamba yanakuwa ya mahindi, maharage na mboga za kumwagilia. Ukizunguka mlima hadi upande wa kaskazini-mashariki unafika Ngarenanyuki, nchi kavu yenye upepo, ambako wakulima hutegemea mifereji kumwagilia nyanya. Kwa hiyo gulio moja hukusanya mazao ya hali ya hewa tatu au nne tofauti, yote yakiwa yametoka umbali ambao gari dogo huumaliza asubuhi moja. Nimetembelea masoko katika mikoa mingine, na ni machache niliyoyaona yenye upana huo wa vyakula katika eneo dogo kiasi hicho.

Kuhusu Ngarenanyuki kuna jambo ambalo wanunuzi vijana wengi hawalijui, nami huona lina haki ya kukumbukwa mtu anaponunua nyanya. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka katika ardhi hiyo ili kuwapisha walowezi wafugaji. Wameru hawakukubali. Walimtuma Kirilo Japhet kwenda New York, na mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza kilio cha watu wake, jambo ambalo lilikuja kuhesabiwa miongoni mwa hatua za mwanzo za madai ya uhuru wa Tanganyika. Leo ardhi hiyo inalimwa tena na Wameru, na nyanya zake zinafika Tengeru, Arusha, Dar es Salaam na hata ng'ambo ya mpaka wa Namanga. Bango la bei katika duka kubwa haliwezi kunieleza habari kama hiyo. Mimi niliisikia kwanza kwa mzee aliyekuwa akiuza nyanya zake mwenyewe, kabla sijaisoma mahali popote.

Nianze na mboga za majani, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha tofauti upesi kuliko chakula kingine. Mnavu uliochumwa alfajiri unafika sokoni ukiwa na majani yaliyosimama, shina likikatwa linatoa maji, na ukiuinua unasikia uzito wake mkononi. Mnavu uleule ukishapita kwa mchuuzi wa kwanza na wa pili, ukanyunyiziwa maji mara kwa mara ili uonekane mbichi, ukifika gengeni jioni unakuwa umelegea na majani ya chini yameanza kuwa njano. Tofauti hiyo si ya macho tu, maana vitamini C katika mboga za majani hupungua haraka kadiri joto linavyozidi na saa zinavyopita tangu kuchumwa. Anayekula mboga saa chache baada ya kuchumwa anapata kilichomo, na anayekula mboga ya juzi iliyokaa juani anapata kiasi kilichobaki.

Yupo bibi mmoja wa kutoka upande wa Nkoaranga ambaye huketi karibu na mwisho wa safu ya mboga, ametandika kitenge chini na juu yake ameweka mafungu ya mnavu, ya loshuu na ya majani ya maboga. Baada ya shikamoo na marahaba, huniuliza kwanza leo nataka kupikia nini. Nikisema nataka mboga ya kula na ugali na maziwa mgando, ananipa mnavu wenye majani mapana, ambao uchungu wake ni mdogo. Nikisema nina mgeni mzee aliyezoea ladha ya zamani, anachukua fungu la majani madogo yenye rangi iliyokoza, na kunionya kwamba maji ya kwanza niyamwage. Siku moja alinieleza kwamba mnavu wa majani mapana alipewa mbegu yake na binti yake, naye binti aliipata kwa watu wa utafiti, lakini ule mchungu ameurithi kwa mama mkwe wake na mbegu anaitunza mwenyewe, akiacha mashina machache yazae na kukausha matunda yake jikoni. Mimi nilikuwa nimenunua mafungu mawili ya mboga, na nikaondoka nimejua mbegu zake zilikotoka, yupi alizitunza, na namna ya kuzipika.

Hao watu wa utafiti si hadithi. Tengeru ni makao ya taasisi ya utafiti wa mazao ya bustani, na tangu mwaka 1992 Arusha pia ina ofisi ya kanda ya Kituo cha Dunia cha Mboga. Kazi yao imeingia katika vikapu vyetu bila sisi kujua. Mwaka 1997 ziliidhinishwa hapa aina mbili za nyanya, Tanya na Tengeru 97, ambazo wakulima wengi walizipokea kwa sababu ni ngumu na zinavumilia safari na siku za kukaa. Ngogwe nyeupe zinazojaa sokoni nyingi ni za aina ya Tengeru White. Upande wa mnavu zimetoka mbegu zilizopewa majina ya huku kwetu, kama Nduruma na Olevolosi. Ninaona fahari kwamba mboga ambazo zamani ziliitwa chakula cha wasio na kitu zimepata wataalamu wa kuzichunguza, na kwamba shamba la majaribio, shamba la mkulima na soko viko karibu kiasi cha mtu kuvizungukia vyote kwa miguu siku moja.

Ingefaa pia nisifiche kwamba chakula kutoka karibu hakimaanishi chakula kisichopigwa dawa. Nyanya hasa ni zao gumu. Mwaka 2014 mkoa wa Arusha ulikuwa wa kwanza nchini kuonekana mdudu ambaye wakulima humwita kantangaze, ambaye funza wake hutoboa majani na matunda na kuweza kumaliza shamba zima kwa muda mfupi, na wakati wa masika kuna ukungu unaochoma majani. Mkulima aliyekopa fedha za mbegu na mbolea hawezi kukaa akitazama. Atapulizia dawa, na wengine hupulizia mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, na hapo ndipo kununua kwa mkulima kunaponisaidia. Ninamuuliza waziwazi, kwa adabu, lini alipulizia mara ya mwisho. Aliyelima anajua. Wengine hunitajia siku bila kusita, wengine hueleza na jina la dawa, na wapo wachache wanaosogeza macho pembeni na kuanza kusifu wekundu wa nyanya, nami huwashukuru na kuendelea na safari yangu. Swali hilohilo nikimwuliza mwenye genge, jibu la haki analoweza kunipa ni kwamba yeye amezinunua tu.

Ndizi ndizo zinazonichukua muda mrefu kuliko vitu vyote, na sioni haja ya kuomba radhi kwa hilo. Mtu aliyezoea kununua ndizi mbivu kwa kilo anaweza kudhani ndizi ni kitu kimoja chenye umri tofauti, lakini katika upande wa ndizi pale Tengeru kuna mishare mirefu iliyonyooka kwa ajili ya machalari na mtori, kuna mzuzu wa kukaanga au kuchoma, kuna mkono wa tembo ambao chane yake moja inatosha familia, kuna kisukari vidogo vyenye ganda jembamba kwa watoto, na kuna ndizi zinazoachwa ziive kabisa ili zichemshwe kwa mbege pamoja na kimea cha ulezi. Mshare ni wa watu wa Kilimanjaro na Meru hasa. Ni ndizi ya kupika ambayo ikiiva katika sufuria hulainika bila kuvurugika, na mchuzi wake unakuwa mzito wenyewe pasipo unga. Watafiti waliopo Arusha wanaendelea kuizalisha kwa kuichanganya na aina nyingine ili ihimili magonjwa, kazi inayochukua miaka mingi kwa sababu ndizi tunazokula hazina mbegu zinazoota.

Wanawake wanaouza ndizi wamenifundisha namna ya kuchagua mshare. Kwanza unatazama shina la mkungu pale lilipokatwa: likiwa bado lina utomvu unaonata, mkungu umekatwa jana au leo, likiwa jeusi na kavu, umekaa. Pili unapitisha kidole kwenye ndizi moja ya chane ya katikati, kusikia pembe zake. Pembe zikiwa kali sana ndizi haijakomaa na itakuwa na ukakasi. Zikiwa zimepotea kabisa, imekaribia kuiva na itakuwa na utamu usiofaa katika mtori. Inayotakiwa ni ile ambayo pembe zimeanza kujaa lakini bado zinahisika. Tatu, na hili hawalisemi mpaka wakuzoee, unamwuliza muuzaji kama mgomba ulianguka kwa upepo au ulikatwa kwa wakati wake, kwa kuwa mkungu wa mgomba ulioanguka mara nyingi huwa haujakomaa hata kama unaonekana mkubwa. Muuzaji aliyeukata mwenyewe anajua mgomba ulikuwa umesimama wapi. Kuna siku mama mmoja alikataa kuniuzia mkungu nilioupenda, akaniambia, "Huo si wa kupika kesho, mwanangu, huo ulilala na mvua ya juzi. Chukua huu mdogo, utanikumbuka." Nilichukua ule mdogo, na tangu hapo ni kwake ninakoanzia kila ninapofika.

Katika maharage, jambo la kujua ni umri. Maharage yaliyokaa muda mrefu ghalani, hasa mahali penye joto na unyevu, huwa magumu kuiva, na kila saa inayoongezeka jikoni ni mkaa au gesi inayokwisha. Maharage mapya ya msimu hulainika mapema na mchuzi wake hukolea. Kwa wakulima wa pande hizi, maharage yaliyopandwa kwa mvua za masika huanza kuvunwa mwezi wa sita na wa saba, na kabla ya hapo hupatikana mabichi katika maganda yake, ambayo kwangu mimi ni chakula bora kabisa cha mwezi wa tano. Wenye uzoefu huchukua punje na kuing'ata: ikikatika kwa mlio mkavu imekauka vizuri na itahifadhika, ikibonyea meno bado ina maji na itaota ukungu ndani ya gunia. Halafu wanauliza yalihifadhiwa na nini. Yaliyotiwa dawa ya unga yanahitaji kuoshwa vizuri, na siku hizi wapo wakulima wanaotumia mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo huwaua wadudu bila dawa yoyote.

Kipimo cha maharage, mahindi, na hata karanga ni sado, yaani kopo la rangi la lita nne, na kwa mzigo mkubwa ni debe la lita ishirini. Kuna adabu katika kupima sado. Muuzaji mwema hujaza, hutikisa, hujaza tena, kisha hujenga kilima juu mpaka punje zianze kuteleza pembeni. Mnunuzi mwenye macho huangalia pia kitako cha sado, kwa sababu kinaweza kusukumwa ndani kikapunguza ujazo. Katika mizigo ya jumla ujanja huwa wa upande wa pili: mfanyabiashara hudai lumbesa, gunia lililoshonewa nyongeza juu ya mdomo wake, na mkulima hulipwa kama gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hairuhusu jambo hilo, uzito wa gunia haupaswi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo imekuwa ikilipiga vita kwa miaka, lakini shambani, mbele ya lori linalosubiri na mazao yanayoharibika, mkulima ana nguvu ndogo ya kukataa. Anayeketi mwenyewe sokoni na sado yake ameepuka lumbesa kabisa, na hilo peke yake ni sababu kubwa inayomfanya aamke saa kumi za usiku kuja Tengeru badala ya kusubiri dalali kijijini.

Hapa naona ni lazima nizungumzie bei kwa undani kidogo. Nyanya inayofika gengeni mjini imepita kwa dalali wa kijijini aliyekusanya matenga, kwa mwenye lori, kwa dalali wa soko la jumla, kwa mchuuzi wa rejareja, na mwisho kwa mwenye genge. Kila mmoja amefanya kazi na kila mmoja lazima ale. Tena kila mmoja amebeba hasara ya zilizopondeka, na hasara hiyo nayo imo katika bei ninayolipa. Ninapolipa kwa mkulima, fedha yote inabaki mkononi mwake, ukiondoa nauli na ushuru wa siku. Ndiyo maana siafikiani na desturi ya kumbana mkulima mpaka senti ya mwisho. Kupatana bei ni sehemu ya soko, na hata yeye angeshangaa nikilipa bila kusema neno; lakini kuna tofauti kati ya kusema "nipunguzie kidogo, nachukua mafungu matatu" na kusubiri saa kumi na moja jioni, mwenye mboga anapoanza kutazama daladala za kurudi mlimani, ili nimpe robo ya bei. Wanaofanya hivyo huita ni ujanja wa mjini. Mimi huona ni kuvunja mkono unaokulisha, kwa kuwa mtu akipata hasara mara kadhaa mfululizo hatapanda tena mboga hiyo. Atapanda kitu kingine, au atauza shamba kwa anayetafuta kiwanja, na viwanja katika maeneo haya vinatafutwa sana.

Nyongeza nayo ina nafasi yake. Ukishanunua, mkulima huchukua karoti mbili, au mkono wa mboga, au limau, na kuitupia ndani ya kikapu chako bila kuitaja. Haiombwi kwa sauti, na anayeiomba kabla ya kulipa huonekana hana malezi. Nimeona mara nyingi kwamba nyongeza huwa ni kile kitu ambacho mkulima anajivunia zaidi siku hiyo au anachotaka ukijaribu, kwa hiyo huwa naila kwanza.

Watu waliozoea maduka makubwa hulalamika kwamba gulio halina kila kitu kila wakati. Ni kweli, nami naona hilo ni jema. Masika, kati ya mwezi wa tatu na wa tano, nyanya hupanda bei kwa sababu ya ukungu na barabara mbovu, na katika miezi hiyo mboga za majani hujaa kupita kiasi. Mpishi mwenye akili hupunguza nyanya na kuongeza mboga, au hutumia ukwaju na limau kutia uchachu. Maembe hufika kwa wingi kuanzia mwezi wa kumi na moja. Mahindi mabichi ya kuchoma yanafuata maharage mabichi, na yakishakauka ndipo loshoro inapopikwa kwa mahindi mapya na maziwa mgando, chakula ambacho wageni wengi wa Arusha hawajakionja. Anayekula kwa kufuata gulio hula vitu tofauti mwezi hadi mwezi pasipo kupanga sana, na ananunua kila kitu wakati kikiwa kizuri zaidi na rahisi zaidi. Watoto waliokulia katika ulaji wa namna hiyo huuliza "maembe yanakuja lini?" na swali hilo lina maana kwao, kwa sababu wamewahi kuyasubiri.

Ninapenda kuwa mkweli kuhusu wasio wakulima pia. Si kila anayeuza Tengeru amelima. Vitunguu vingi hutoka Mang'ola katika bonde la Ziwa Eyasi, dagaa hutoka Mwanza, na hivi vyote huletwa na wachuuzi ambao bila wao tungekosa vyakula hivyo. Sina ugomvi nao, na baadhi yao wamekuwa wakiniuzia kwa uaminifu kwa muda mrefu. Ila ni vizuri mnunuzi ajue anaongea na nani. Dalili haziko mbali: mkulima huwa na vitu vichache na vya namna mbalimbali, ndizi chane tatu, mayai kumi na mawili, parachichi kiasi na fungu la majani, kwa sababu vyote vimetoka katika shamba moja la nyumbani, mchuuzi huwa na kitu kimoja kwa wingi, kilichopangwa kwa ukubwa. Mazao ya mkulima hayalingani, mengine makubwa na mengine yamepinda, na udongo wa kwenye karoti bado ni mweusi wa shamba lake. Zaidi ya yote, ukimwuliza swali la shamba, uso wake unabadilika na anaanza kueleza.

Kubeba nako kumerudi katika utaratibu wa zamani. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, vikapu vya ukindu na mifuko ya kitambaa vimekuwa kawaida tena, na soko limekuwa safi kuliko lilivyokuwa. Ninashauri vikapu viwili: kimoja kigumu cha ndizi, viazi na maharage, na kingine cha mboga na nyanya, ambacho hakiwekwi kitu kizito juu.

Jambo linalonitia wasiwasi ni mahali pa hao wakulima wadogo katika masoko yetu. Masoko mengi yanapoboreshwa, kwa majengo mazuri na yenye vizimba vya kukodi kwa mwezi, anayefaidika ni mfanyabiashara wa kila siku. Mama anayekuja mara mbili kwa wiki na kikapu cha mnavu na chane za ndizi hawezi kulipa kodi ya mwezi kwa siku nane za kuuza, na matokeo yake anasogezwa pembeni, mpaka anaketi ukingoni mwa barabara, juu ya tope wakati wa mvua na katika vumbi wakati wa kiangazi, akiangalia magari huku na mgambo kule. Baada ya muda anachoka na kumwuzia dalali. Soko linabaki na jina lake na kelele zake, lakini watu waliokuwa na majibu wameondoka.

Halmashauri zinazopanga masoko zinaweza kulizuia hilo kwa gharama ndogo. Zitenge upande mmoja kwa wanaouza walichokilima, bila vizimba vya kudumu, mtu aketi kwa kufuata alivyowahi, na wenyeji wa vijiji vya jirani wasimamie wenyewe nani ni mkulima na nani si mkulima, kwa sababu wanajuana kwa majina na kwa mashamba. Upande huo hauhitaji ghorofa wala milango ya chuma. Unahitaji paa la kuzuia jua na mvua, sakafu ya zege iliyoinamishwa ili maji yasituame, bomba la maji safi ya kuoshea mboga, choo, na ushuru wa siku unaolingana na thamani ya kikapu kimoja.